Hayo Si Mapenzi, Mwanangu

Jumapili, 4 Mei 1986

Mama mdogo,

Pokea shikamoo tatu. Ya kwanza yangu. Ya pili ya cherehani yangu, ambayo imepona baada ya kubadilishiwa mkanda. Ya tatu ningesema ni ya Mama, ila yeye ndiye dada yako mkubwa na hawezi kukuamkia, basi hiyo nayo iwe yangu. Huku tu wazima. Vipi goti? Vipi kile chumba ulichokuwa unakipaka rangi?

Sasa kaa. Kama umeshakaa, shika meza. Mama anaolewa!

Ndiyo, Mama huyu huyu. Mwanamke aliyekaa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la tiketi za mabasi bila kumchekea abiria hata mmoja, na sasa ana miaka sitini na saba na anataka gauni. Mchumba ni dereva mstaafu, yule mrefu mwenye kofia, watu wanamwita Mzee Breki kwa sababu barabarani alikuwa anasimama kwa kila kitu: mbuzi, kuku, na mara moja kwa gazeti lililopeperushwa na upepo. Miaka ishirini alikuwa anachukua orodha ya abiria dirishani kwa Mama kila asubuhi. Yeye anasema, "Wangapi, Karani?" Mama anajibu, "Hamsini na wawili." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao yote.

Mwezi uliopita kaja hapa nyumbani. Mlango uko wazi, yeye kalisogelea dirisha, mazoea tu. Kavua kofia, kasema, "Karani, nafasi ipo?" Mimi nilikuwa napiga pasi. Mama akamtazama kama anayehakiki noti, akasema, "Ipo moja." Nikaunguza kola ya mteja.

Harusi ni Jumamosi tarehe 28 Juni. Mama anataka gauni la rangi ya maziwa, mikono mirefu, bila lesi, kwa sababu lesi ni ya watu wanaotaka kutazamwa. Uje, Mama mdogo. Usipokuja nitalia juu ya kitambaa na kitambaa chenyewe kinashika madoa.

Mama anasema habari hii atakuandikia mwenyewe. Amesema hivyo mara nne wiki hii, na mara zote nne amekwenda kufua vitu ambavyo havijachafuka. Nikaona nikutangulie mimi.

Mwanao,
Sindano


19 Mei 1986

Mwanangu Sindano,

Marahaba, na cherehani nayo marahaba. Nimefurahi kusikia mkanda umepatikana. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla ya redio. Jirani yangu amenunua mbwa anayeogopa paka. Hakuna jingine jipya.

Habari ya mama yako imenifikia. Nimefurahi. Mwambie hivyo: mdogo wako amefurahi. Nimefurahi sana.

Chumba kimekwisha. Rangi ni njano hafifu, aliichagua mama yako mwenyewe alipokuja Desemba. Kina vitanda viwili. Cha chini ya dirisha alisema ndicho chake, kwa sababu anapenda kuona nani anapita. Sijui kama ulikuwa unalijua hilo. Tulikubaliana tangu siku tulipomzika baba yako: mimi nikistaafu kupiga deki wodini na yeye akistaafu tiketi, tutazeeka pamoja, mmoja akikohoa mwingine amsikie. Lakini mipango hubadilika na mimi si mtoto. Kitanda kile nitaanikia nguo mvua ikinyesha.

Harusini sitaweza kuja. Ni goti. Safari inachukua saa kumi na moja na goti halikunjiki.

Sina kinyongo. Akiuliza, mwambie sina. Asipouliza, usimwambie kitu.

Mama yako mdogo


Jumapili, 1 Juni 1986

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole ya goti, na pole ya mbwa wa jirani, maana nimecheka mpaka nimemwaga pini zote sakafuni.

Barua yako nimemsomea Mama, yote, mpaka nilipofika kwenye kitanda. Hapo alinyoosha mkono akaichukua, akaisoma mwenyewe, akaikunja ikawa ndogo kama tiketi, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Nikamuuliza, "Nimwandikie nini Mama mdogo?" Akafikiri sana. Akasema, "Mwandikie mvua imenyesha."

Basi, Mama mdogo, mvua imenyesha.

Gauni nimeshalikata. Nimemvalisha mara mbili, na mara zote mbili amesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ana mafua makali kidogo na usingizi umemkimbia, anageuka geuka usiku kucha. Bibi harusi gani huyo, pua nyekundu na macho mekundu! Lakini usihofu, mafua nimeyashughulikia.

Mzee Breki anakuja kila siku saa kumi kamili. Habishi hodi. Anasimama nje anapiga honi kwa mdomo. Mama anasema, "Huyo mtu hana adabu," huku anajitazama kwenye kioo.

Sindano


Jumanne, 10 Juni 1986

Mama mdogo,

Shikamoo ya mbio mbio, sitaki kusahau hata moja. Sikungojea jibu lako. Mama amependa! Sisemi amekubali kuolewa, hilo unalijua. Amependa, amezama, amepitiliza, mbavu sina!

Alhamisi alikuwa Mama wa siku zote, ananiambia vifungo nilivyonunua ni vya bei ya wizi. Ijumaa asubuhi kaamka anacheka peke yake. Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Wamejaa." Nikauliza nani. Akanionyesha ukuta: "Abiria." Tangu siku hiyo anakata tiketi, Mama mdogo! Anakaa kitandani, anachana gazeti vipande vidogo vidogo, anauliza ukuta unakwenda wapi.

Jumamosi Mzee Breki kapiga honi yake, kaingia. Mama kamtazama kutoka juu mpaka chini, kama hajawahi kumwona. "Unakwenda wapi?" Mzee wa watu kasimama, kofia mkononi, akasema, "Unakokwenda wewe, Karani." Mama akauliza, "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?" Akajibu, "Kwenda tu." Mimi moyo ukaniyeyuka. Mama akamwambia, "Panga foleni." Na akapanga! Alisimama nyuma ya kiti changu, foleni ya mtu mmoja, robo saa nzima. Nilicheka mpaka nikakalia kile kimto cha pini. Yeye hakucheka. Aliondoka bila kunywa chai. Nadhani ni haya ya wachumba.

Kula hali. Wenye mapenzi hawali, si ndivyo? Mchana analala kama gogo, usiku anaimba. Asubuhi mara nyingine yuko sawa kabisa, anauliza habari za mikono ya gauni, nami nasema basi, utani umekwisha. Ikifika jioni yuko kwenye basi tena. Anaanza hadithi, anaiacha kati, anashika nyingine. Namuuliza swali, ananitazama mdomo, kisha anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Jana nimemvalisha gauni, na muda wote alikuwa anachuna nyuzi hewani, hivi, kwa vidole viwili, moja moja, nyuzi ambazo hazipo. Hata akili ikiwa angani bado anakagua ushonaji wangu!

Jana jioni hiyo hiyo aliniita mimi kwa jina lako la utotoni. Alinivuta mkono akaniambia nisogee nilale, kitanda kinatosha.

Jirani yetu amepita, amechungulia, amesema Mama amerukwa na akili, na mtu aliyerukwa na akili haolewi. Nimemuuliza kama kwa umri wake hajawahi kuona mtu akipenda. Ameondoka amenuna.

Nijibu, Mama mdogo, na useme kweli: wewe uliwahi kupenda? Dalili zake si ndizo hizi?

Sindano


TELEGRAMU
Jumatatu, 16 Juni 1986

HAYO SI MAPENZI MWANANGU. ANAUMWA. HOSPITALI LEO HII. BEBA KILA DAWA ALIYOMEZA. MAMA MDOGO


Jumatatu, 16 Juni 1986

Mwanangu,

Nimetoka kaunta sasa hivi, nakuandikia hapa hapa kwenye benchi la posta. Karani wa telegramu alisoma maneno yangu kwa sauti mbele ya watu wote, akaniuliza, "Mapenzi ya nani, mama?" Nimemwambia ashughulike na mihuri yake.

Barua yako imenifikia Jumamosi jioni, posta imeshafungwa, na jana ilikuwa Jumapili. Ningefanyaje.

Umeniuliza kama niliwahi kupenda. Niliwahi, na muda wote ule niliosha vyombo vizuri kabisa. Mtu aliyependa hukumbuka kupita kiasi: saa, siku, rangi ya shati. Mama yako mchumba kasimama mbele yake na hamjui. Mapenzi gani hayo?

Nisikilize. Miaka ishirini na sita nimepiga deki wodi ya wazee. Daktari anamwona mgonjwa dakika tatu. Mimi nilikuwa chini ya kitanda chake nusu saa, na mtu akikuona una ndoo hajifichi. Tulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, kaletwa kwa kifua, mpole, anasalimia mpaka mto. Siku ya tatu kaanza kuifundisha ile nguzo ya dripu hesabu za kugawanya. Aliiadhibu nguzo kwa kutojibu! Wodi nzima ilicheka, na mimi nilicheka nikiwa nimeegemea ufagio. Usiku ule homa ikampanda, na kesho yake hatukuwa na la kucheka. Tangu hapo mgonjwa akinichekesha ghafla, kwanza namshika paji la uso.

Neno ni hilo, ghafla. Uzee unaoiba akili huja polepole, kama pazia linavyopauka, hujui lilianza lini. Wewe umenitajia mpaka siku: Alhamisi analalamikia vifungo, Ijumaa anaongea na ukuta. Huo si uzee, wala si wazimu. Ni mwili unaumwa mahali, na kichwa ndicho kinachopiga kelele. Tena usidanganywe na asubuhi. Kupata nafuu asubuhi na kupotea jioni ni tabia ya ugonjwa wenyewe, ndiyo maana daktari anayepita saa mbili asubuhi anamwona mzima. Mwambie na ya jioni.

Nesi wetu mkuu alikuwa anawaambia wataje siku za wiki kinyumenyume. Mtu mzima wa akili, hata kama hakusoma, anajikongoja anafika. Aliyeshikwa na hali hii anaanza, siku ya pili inamponyoka, anakwenda na jambo jingine. Ni kama anavyokujibu wewe maswali ambayo hukumuuliza. Na zile nyuzi, mwanangu, zile nyuzi ndizo zilizonitoa jasho. Wewe ni fundi, umeona ushonaji. Sisi wodini tukiona mgonjwa anachuna shuka au anachuna hewa, tulikuwa tunaacha ndoo tunakimbilia nesi. Shukuru kwamba huyu wako anachekesha. Wapo ambao hulala tu kutwa, kimya, ndugu wanasema leo ametulia, na hao ndio waliokuwa wanatuponyoka.

Madaktari wana jina lake. Sisi wa deki tulikuwa tunasema, "Amesafiri." Wengi wanarudi, lakini lazima ijulikane kilichomsafirisha: homa, mkojo, kukosa maji, kufunga choo, au dawa. Mpaka hapo mvalishe miwani yake, fungua pazia, mwambie wewe ni nani na leo ni lini, hata mara hamsini. Usibishane naye habari za abiria, na tiketi usimnunulie.

Na hayo mafua uliyoyashughulikia, uliyashughulikia kwa dawa gani?

Mama yako mdogo


Jumapili, 22 Juni 1986

Mama mdogo,

Shikamoo. Nianze na la mwisho ili upumue: Mama amekaa kitako, anakula uji na anaulalamikia uji. Amerudi!

Telegramu ilifika Jumatatu saa nane mchana. Mleta telegramu alisimama mlangoni mpaka nikaisoma, nadhani alikuwa ameshaisoma na alitaka kujua itakuwaje. Mzee Breki alikuwa ndani, nyuma ya kiti changu, kwenye foleni yake. Kumbe kila siku alikuwa anakuja kupanga, na mimi kila siku nilikuwa nacheka. Nikampa karatasi. Akasoma, akasema, "Nilijua. Niliogopa mngesema nimebadili mawazo." Akaenda kuazima pikapu kwa mwenzake. Mama mdogo, tumepita sokoni, tumepita penye watoto wa shule, na kuku watatu wameponea chupuchupu. Breki hakuigusa mpaka mlangoni mwa hospitali.

Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alimwambia Mama ataje siku za wiki kinyumenyume. Nikashtuka, maana barua yako ilikuwa bado njiani, nimekuja kuisoma Ijumaa. Mama akasema, "Jumapili, Jumamosi, Jumamosi, tiketi." Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Anatumia dawa gani?"

Nimefika hapo nilipokuwa sitaki kufika. Nilimpa vidonge vya mafua vya dukani, vile vyeupe vinavyoleta usingizi. Kimoja kilikuwa hakitoshi, nikampa viwili viwili, asubuhi, mchana na jioni. Nilitaka alale, nilitaka pua isichuruzike kwenye gauni. Na ile Alhamisi ya vifungo niliongeza dawa ya maji ya kikohozi, kumbe ndani yake kuna kitu kile kile. Kwako niliandika nimeyashughulikia kwa sababu nilijua ungeuliza.

Daktari alishika chupa akaitazama sana. Akasema kwa mtu wa umri wa Mama dawa hizo huvuruga akili na hufunga mkojo. Wakamwekea mpira wa mkojo. Ilitoka lita moja na nusu, nesi akabadilisha chombo! Ulimi ulikuwa mkavu kama kiatu. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Alisema tu kwamba angekaa hivyo siku chache zaidi, figo zingeanza kugoma, kisha akarudi kwenye mafaili yake.

Dawa zimekatwa, kapewa maji. Nesi kaniagiza, nimemvalisha miwani, nimemwambia mimi ni nani mpaka wodi nzima inanijua. Jumatano abiria walipungua. Alhamisi asubuhi alifungua macho, akamwona Mzee Breki kwenye kiti, akasema, "Wewe, umeingia na viatu vya matope tangu lini?" Yule mzee alivua viatu pale pale akavikumbatia, analia na kucheka, nami nikamfuata, mpaka nesi akaja kuuliza nani kafariki.

Harusi imesogezwa mpaka tarehe 19 Julai. Mzee Breki alisema tungojee mwaka ujao. Mama akamwambia mwaka ujao basi limejaa.

Akaniuliza, "Nani aliyejua kwamba naumwa?" Nikasema mdogo wako. "Kwa barua tu?" Nikasema kwa barua tu. Akageukia ukutani, nikaogopa anatafuta abiria, kumbe anafuta macho.

Umemwokoa, Mama mdogo. Mimi nimemlisha sumu kwa kijiko na wewe umemwokoa kutoka mbali kote huko.

Sindano


Ijumaa, 27 Juni 1986

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mbwa wa jirani hajambo. Mvua hakuna. Sina habari nyingine za kujifichia.

Usiniite mwokozi. Barua yako ile haikufika Jumamosi jioni. Ilifika Ijumaa tarehe 13, saa nne asubuhi, na posta ilikuwa wazi, ikawa wazi tena Jumamosi mpaka saa sita. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye nyuzi nilijua. Sikuwa na shaka hata chembe.

Nikaikunja. Nikaingia kile chumba, nikatandika kitanda cha dirishani kwa shuka mpya.

Niliwaza hivi, nakuandikia kama nilivyowaza: mtu aliyerukwa na akili haolewi, jirani yenu kasema kweli. Mchumba atachoka atakimbia. Wewe una wateja wako, huwezi kumchunga. Utamleta kwangu, nami najua kuwatunza watu waliosafiri. Pale ulipoandika kwamba alikuita kwa jina langu akasema kitanda kinatosha, nilisoma mara nyingi mpaka karatasi ikalainika. Nilijiambia nangojea nipate maneno mazuri ya telegramu. Telegramu ina maneno kumi na manne, mwanangu. Nilikaa nayo siku tatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napiga deki chumba kile, nikainama chini ya kitanda kama nilivyoinama maisha yangu yote, nikakuta hakuna mtu juu yake. Nikaona ninavyomngojea dada yangu aharibikiwe ili nimpate. Niliacha ndoo katikati ya chumba nikaenda posta na kandambili.

Na goti linakunjika vizuri tu.

Wewe ulikosea kwa kutojua, mimi nilijua. Hiyo ndiyo tofauti, na usiku sasa nailalia. Nilikasirika kwamba hakuniambia mwenyewe kuwa anaolewa. Kuanzia Desemba mpaka Mei nilikuwa nampakia mtu rangi, na tangu Aprili yeye alishajua haji. Msomee barua hii au uichane, nakuachia wewe. Ukimsomea, mwambie simwombi anielewe.

Mama yako mdogo


Alhamisi, 3 Julai 1986

Mama mdogo,

Shikamoo. Cherehani haijambo, gauni limebaki upindo tu, na wewe acha kulia, tandika kitanda cha dirishani. Mama anapanda basi Jumapili asubuhi (barua hii nimempa dereva wa kesho ili iwahi), daktari amemruhusu, na Mzee Breki ameapa atakaa kiti cha mbele amchunge dereva asikimbie. Mama atakaa kwako wiki nzima, kisha mrudi wote kwa ajili ya harusi, maana goti tumeshasikia habari zake.

Barua yako nilikaa nayo nusu siku. Ndiyo, na mimi! Niliitia chini ya kitambaa nikashona juu yake, nikaogopa, nikaitoa, nikamsomea Mama yote bila kuruka, mpaka mahali pa ndoo.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaanza kucheka, polepole, mabega kwanza, kisha kicheko chenyewe, kile cha ile Ijumaa. Nikamrukia, nikamshika paji la uso, nikapiga kelele, "Mama, siku za wiki! Kinyumenyume!" Akazitaja zote saba bila kuvuta pumzi, kisha akaanza na miezi, Desemba, Novemba, Oktoba, huku ananipiga mkono niondoke usoni kwake.

Ndipo akalia. Alilia sana, Mama mdogo, kwa sauti, sijawahi kumsikia. Alisema alishindwa kukuandikia kwa sababu kila alipoanza aliiona ile rangi ya njano. Alisema aliona aibu kutaka kitu chake mwenyewe uzeeni, na wewe umeshanunua kitanda. Nikampa karatasi akuandikie hayo kwa mkono wake. Akaishika kalamu, akairudisha, akasema atakwambia Jumapili mkiwa mmekaa, lakini kuna moja nikuandikie sasa hivi, neno kwa neno.

"Mwambie hivi: siku tatu tu? Angekuwa yeye ndiye anayeolewa na kuniacha, mimi ningekaa nayo wiki."

Sindano